RTD ya masafa ya kati: imetutoka kwa sababu ya FM, mitambo, au redio zenyewe?

#1 Mwanakurasini

Salaam wakuu.

Radio Tanzania Dar es Salaam ikitajwa, wengi huizungumzia kana kwamba ilizaliwa kubwa, redio ya taifa zima. Nadai hapa kwamba sivyo. Ilianza kama redio ya mji mmoja. Julai 1951 ilikuwa ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mtambo wake ulikuwa mdogo mno, ukitoka nje ya mji kidogo tu huipati. Mtu wa Bukoba au Songea wakati huo hakuwa na habari nayo kabisa. Ikakua taratibu: 1956 likaundwa shirika, 1965 serikali ikalivunja na kuiweka redio moja kwa moja chini ya wizara. Jina la RTD ndipo lilipoanzia.

Swali langu ni hili. Redio iliyohangaika hivyo mpaka ikafika kila kijiji, kwa nini masafa yake ya kati (AM) hayamo tena masikioni mwetu? Nina wadogo zangu hawajawahi kugusa kitufe cha AM maishani. Mimi naamini FM ndiyo iliyoiua, na nitataja mwaka: 1994, Radio One ilipoingia hewani. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 Dogo wa Tegeta

Siti ya mbele kabisa. Wakongwe shikamooni.

#3 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Mleta uzi, historia umeiweka vizuri ila naongeza kitu ambacho vijana hukichanganya sana. Lile shirika la 1956 lilikuwa Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa hiyo kifupi chake kilikuwa TBC. Hii TBC tuliyonayo leo imeundwa 2007, na kabla yake kulikuwa na TUT, Taasisi ya Utangazaji Tanzania. Mtu akisoma gazeti la 1960 akaona "TBC" asidhani mwandishi alikosea. Herufi ni zilezile, chombo ni kingine.

Kuhusu FM, sikubaliani nawe moja kwa moja. Nitarudi baadaye, nina mengi.

#4 Bi Mdogo wa Ng'ambo

Nyie wa bara mnazungumza kama kwamba redio imeanzia kwenu. Sauti ya Unguja imeanza Machi 1951. Machi na Julai, ipi mbele? Hesabuni wenyewe.

Na ikiwa mnataka redio yenye historia, njooni Raha Leo, kituo chetu cha Unguja. Alfajiri ya Mapinduzi, 12 Januari 1964, kituo kilikamatwa, na John Okello, kiongozi wa wapinduzi, akawa anatangaza kutoka pale amri zake. Watu wamejifungia majumbani, hakuna anayetoka, habari yote ya nchi inatoka kwenye kile kisanduku. Marehemu bibi yangu mpaka anakufa alikuwa akisikia mlio wa redio inatafutwa stesheni anauliza, "Kuna nini tena?" Kwetu sisi redio haikuwa burudani peke yake.

#5 Mwanakurasini

Bi Mdogo, Machi nimeikubali. Mmetutangulia miezi minne, tusigombane.

#6 Kibokoni Kwetu

Jamani majirani, mnagombania 1951? Nairobi kulikuwa na redio tangu 1928. Kweli, ilikuwa ya Kiingereza kwa walowezi, Waafrika hawakufikiriwa mpaka baadaye sana, lakini hewani ilikuwako. Sisi Mombasa tukawa na Sauti ya Mvita, redio ya pwani hasa, Kiswahili na Kiarabu. Hiyo ndiyo ingefaa kuitwa redio ya mtaa. Usiku tukizungusha kidogo tu tunaingia Unguja, tukizungusha tena tunaingia Dar. Mpaka haukuwepo hewani.

#7 Bi Mdogo wa Ng'ambo

1928 kwa walowezi haihesabiwi 😄 Karibu sana lakini.

#8 Fundi Valvu

Kibokoni amegusa jambo ambalo ndilo kiini cha uzi. Kwa nini Mombasa waliipata Dar usiku?

Mawimbi ya masafa ya kati mchana hutembea yakikumbatia ardhi. Yale yanayopanda juu hukutana na tabaka la anga ambalo jua limelichaji, kama kilomita 60 hadi 90 kutoka chini, yananyonywa humo, basi. Jua likizama tabaka hilo linatoweka. Mawimbi yanapita hadi tabaka za juu zaidi, yanagonga na kurudi chini mbali sana, mamia ya kilomita, wakati mwingine zaidi ya elfu. Ndiyo maana saa nane mchana uko Tabora unasikia mkwaruzo tu, saa tatu usiku stesheni ya mbali inaingia kana kwamba mtangazaji yuko sebuleni, halafu inazama, inarudi, inazama.

Jambo la pili ni maji ya chumvi. Wimbi la ardhini linakwenda mbali zaidi juu ya bahari kuliko juu ya nchi kavu, hasa nchi kavu yenye mchanga na mawe. Kwa hiyo watu wa mwambao, kuanzia Lindi mpaka Lamu, walikuwa na bahati ambayo mtu wa Singida hakuwa nayo, hata kama umbali kutoka mtamboni ni uleule.

Sasa mleta uzi, FM haina hata kimoja kati ya hivyo. FM inakwenda kama macho yanavyoona, mlima ukikaa katikati umekosa. Imeua AM mijini, sawa. Lakini huko ambako FM haifiki, nani aliyeua AM?

#9 Mnyamwezi Halisi

Fundi umenirudisha nyumbani kabisa.

Kwetu tulikuwa na redio ya National, ile ya kahawia yenye mkono wa ngozi. Betri zikiisha nguvu mzee alikuwa anazianika juu ya bati tangu asubuhi, jioni zinarudishwa, unapata taarifa ya habari na nusu ya salamu, zinakufa. Baadaye akabuni mengine: betri kubwa nane zimepangwa kwenye nusu ya mwanzi uliopasuliwa, zimebanwa kwa mpira wa baiskeli, waya mbili zinaingia nyuma ya redio. Zile zilizochoka unazichanganya na mpya mbili, zinasukumana. Eriali ilikuwa waya wa shaba kutoka dirishani mpaka kwenye mwembe, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuanika nguo hapo.

Ikifika saa mbili kasoro usiku majirani wanajaa uani. Ngoma inalia. Ile ngoma! Wanaozungumza wananyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Mwaka 1978 Mwalimu Nyerere aliposema uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, sisi tulikuwa pale chini ya mwembe. Nilikuwa mtoto, lakini sura za wazee usiku ule nazikumbuka.

#10 Dogo wa Tegeta

Hiyo ngoma ni ipi? Kuna mtu aliipiga live kila siku?

#11 Lumumba Mtaa wa Tatu

Nilivyosikia mimi ni ngoma ya Wazaramo iliyonaswa harusini huko Kisarawe, ikawekwa kwenye tepu.

#12 Mwalimu Mstaafu

Hapana. Ile ni kazi ya Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa haoni, lakini alikuwa anazungukwa na ngoma nyingi za ukubwa tofauti na kuzipiga zote mtu mmoja. Mwaka 1970 alikwenda Osaka, Japani, kwenye yale maonyesho ya dunia, akaiwakilisha nchi. Sauti yake ilinaswa na ikawa inatangulia taarifa ya habari. Ukiisikiliza vizuri utaona ngoma zinajibizana, ndogo inauliza, kubwa inajibu. Mtu asiyejua anadhani ni kikundi.

#13 Lumumba Mtaa wa Tatu

Asante mwalimu. Ila marehemu baba alikuwa anaapa kabisa ni harusi ya Kisarawe 🙂

#14 Jangwani Daima

Nyie mnazungumzia ngoma, mimi nazungumzia mpira. Runinga Tanzania bara hatukuwa nayo mpaka 1994. Kabla ya hapo mechi yote ilikuwa mdomoni mwa mtangazaji. Nyamagana, Mwanza, Agosti 1974, Yanga 2 Simba 1, Sembuli na Sunday Manara. Kaka yangu hakuwepo Mwanza, hakuona hata picha, lakini mpaka leo anakuonyesha kwa kidole mpira ulipita wapi. Ahmed Jongo alikuwa anakutengenezea uwanja kichwani mwako.

#15 Msimbazi Mwekundu

1974 unaikumbuka, Julai 1977 vipi? Simba sita, Yanga bila. Kibadeni matatu peke yake. Au siku hiyo betri ziliisha?

#16 Jangwani Daima

Siku hiyo kulikuwa na mkwaruzo mwingi 😂

#17 Kobe wa Mtwara

Nyote wawili tulieni, mechi kubwa kuliko zote kwenye redio ni Ndola 1979, bao la Peter Tino. Zambia moja, sisi moja, tukaenda Lagos 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Mtaa mzima ulitoka nje na sufuria. Hapo hapakuwa na Simba wala Yanga.

#18 Mwanakurasini

Wakuu, uzi unaelekea uwanjani. Fundi kauliza swali zito kwenye #8: kule ambako FM haifiki, nani aliyeua AM? Nalikubali swali. Jibu langu bado ni FM, kwa njia ya kuzunguka. FM ilipochukua wasikilizaji wa mijini ilichukua na matangazo ya biashara, maana mwenye sabuni na mwenye soda hutangaza penye wanunuzi. Kumbukeni RTD ilikuwa na Idhaa ya Taifa na pia Idhaa ya Biashara. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi, pesa ikahama, na bila pesa mtambo mkubwa haukai.

#19 Mzee wa Mnarani

Nimefanya kazi kwenye mitambo ya kurushia matangazo, si lazima niseme wapi. Naunga mkono nusu ya hoja ya mleta uzi: ni pesa, ila hiyo pesa iliishia kwenye umeme.

Watu hawajui AM inakula nini. Mtambo wa AM unarusha wimbi la kubebea muda wote, hata mtangazaji akinyamaza. Wimbi hilo lenyewe halina habari yoyote, na bado linabeba theluthi mbili au zaidi ya nguvu yote unayorusha. Ukitaka mkoa mzima usikie unahitaji makumi ya kilowati. FM ya mjini inajitosheleza kwa kilowati chache tu. Sasa ongeza valvu kubwa za mtambo wa zamani, zile kama taa zinazokuza nguvu ya wimbi. Zinapoa kwa maji au kwa feni kubwa, ikiungua moja unaagiza nje kwa fedha za kigeni, na mwenye kuitengeneza anakuambia ameshaacha kuzitoa. Miaka ya themanini fedha za kigeni hazikuwepo hata za dawa. Tulikuwa tunapunguza nguvu ili valvu ikae. Msikilizaji wa mbali anadhani hali ya hewa imechafuka, kumbe sisi tumeshusha.

Na mnara wenyewe. Kwenye AM chuma chote cha mnara ndicho eriali, na chini yake ardhini kuna nyaya za shaba zimetandazwa pande zote kama miale ya jua. Shaba mnajua inauzwa. Wezi wakifukua, mtambo unawaka, taa zote ziko sawa, lakini nguvu inaishia kwenye udongo. Hilo limetusumbua kuliko hata valvu.

#20 Fundi Valvu

Mzee wa Mnarani, heshima yako. Hilo la nyaya za ardhini nimelisoma vitabuni, leo nimelisikia kwa aliyeliona.

#21 Mngoni Msafiri

Mimi nina shaka na kumbukumbu za wengine humu, bila kuwavunjia heshima. Mnyamwezi Halisi, una hakika ulichokuwa unasikiliza chini ya mwembe ni masafa ya kati? RTD ilikuwa pia masafa mafupi, na huko ndiko watu wa mbali wengi walikoipatia. Songea kwetu mchana tulikuwa masafa mafupi, usiku tunahamia kati. Redio nyingi zilikuwa na swichi ya MW (kati) na SW (mafupi), mtoto hakuangalia swichi iko wapi.

Na ile Idhaa ya Nje iliyowapa nafasi wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, ZANU, ZAPU, SWAPO, hiyo ilikuwa kazi ya masafa mafupi. Mtu wa Maputo au Soweto hawezi kukupata kwa mtambo wa kati wa Dar. Sisi tuliokuwa karibu na Ruvuma tulikuwa na wakimbizi wa Msumbiji jirani. Kipindi cha FRELIMO kikianza redio inawekwa kwenye kigoda katikati yao, na sisi wenye redio tunakaa pembeni hatuelewi Kireno, tunaangalia nyuso tu.

#22 Mnyamwezi Halisi

Mkuu, mchana sibishi. Usiku ilikuwa kati, kwa sababu mzee alikuwa anaizungusha redio yenyewe mpaka sauti ije. Eriali ya waya haikufua dafu bila hiyo. Fundi atasema kama hiyo ni dalili au siyo.

#23 Fundi Valvu

Ni dalili nzuri. Ndani ya redio kuna kijiti cheusi kimezungushiwa nyuzi za shaba, hicho ndicho eriali ya masafa ya kati, na kinachagua upande. Ubavu wake ukitazama kituo unasikia, ncha ikikitazama sauti inakufa. Kwa masafa mafupi redio nyingi hutegemea fimbo ya juu au waya wa nje. Ila Mngoni pia ana haki, wengi wanachanganya.

#24 Mwalimu Mstaafu

Niliahidi kurudi.

Mnazungumza valvu na pesa, mimi nasema kilichoondoka kwanza ni kikao. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wiki 12. Kila kikundi kina kiongozi aliyefundishwa, kina kijitabu, kina redio moja. Kipindi kinasikilizwa, redio inazimwa, watu wanajadili: hapa kwetu malaria inatoka wapi, maji tunachota wapi, choo kiko wapi. Halafu wanakubaliana kufanya kitu kabla ya kipindi kijacho. Watu wazima kama milioni 2 walishiriki nchi nzima. Nilikuwa mwalimu kijana, nikapewa kikundi. Tulibishana jioni nzima juu ya dimbwi lililokuwa karibu na kisima, nani mwenye wajibu wa kulifukia, na asubuhi yake nikakuta limefukiwa na mzee aliyekuwa anabisha kuliko wote.

Kabla yake kulikuwa na Uchaguzi ni Wako na Wakati wa Furaha, baada yake 1975 Chakula ni Uhai. Hizo hazikutegemea uzuri wa sauti, mkwaruzo ulikuwepo na tulivumilia. Vikundi vilipokufa, redio ikabaki ya mtu mmoja na sikio lake. Mtu mmoja akitaka muziki safi atakwenda FM, wala simlaumu. Kwa hiyo FM ilikuta mlango uko wazi.

#25 Mama Kijacho

Mwalimu umesema. Na sisi watoto wa Mama na Mwana, na Deborah Mwenda? Nilikuwa siendi kucheza siku ya kipindi chake. Pwagu na Pwaguzi nayo, mama yangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Mnaijadili redio kama mashine na siasa, na kuna watu iliwalea.

#26 Dogo wa Tegeta

Naomba kuuliza bila kuudhi. Kama redio ilikuwa na mkwaruzo hivyo, muziki mlisikiaje?

#27 Kobe wa Mtwara

Dogo, muziki wenyewe ulizaliwa mle ndani. Bendi za bara zilikuwa zinarekodi studio ya RTD, hapakuwa na pengine pa maana kwa miaka mingi. Western Jazz, Nuta Jazz, Kilwa Jazz, Atomic ya Tanga, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, wote walipita. Bendi nzima inapiga kwa pamoja, mwimbaji akikosea mnaanza upya. Sauti za besi na solo mnazozisikia kwenye zilipendwa zimepangwa kwa kusogeza watu karibu au mbali na maikrofoni.

Na redio ya masafa ya kati hukata sauti kali za juu. Gitaa la solo la zamani linakaa katikati, kwa hiyo lilipenya vizuri. Mimi naamini kabisa wale wapigaji walijifunza kupiga kwa sikio la redio ile.

#28 Lumumba Mtaa wa Tatu

Hiyo ya mwisho ni dhana yako Kobe, ila ni dhana tamu.

#29 Mhasibu wa Ubungo

Hakuna aliyetaja simu. Wengi leo redio yao ni simu, na ndani yake kuna FM tu kama ipo. Kijiti anachosema Fundi hakiingii kwenye simu nyembamba. Hata serikali iweke mtambo mpya kesho kutwa, nani atapokea? Hoja imeishia hapo.

#30 Fundi Valvu

Haijaishia. Magari mengi bado yana AM. Nilichokiona kwenye kazi yangu ni kelele za nyumbani. Chaja za bei poa, taa za LED, vigeuza umeme vya sola, vyote vinamwaga mkwaruzo kwenye masafa ya kati. Mteja analeta redio ya babu yake anasema imekufa. Naiwasha benchi kwangu, kelele tupu. Natoka nayo nje, mbali na nyaya za umeme, inaongea. Redio nyingi mnazoziita mbovu ni nzima.

#31 Bi Mdogo wa Ng'ambo

Basi ndiyo maana ya kwetu inasikika ukienda nayo kondeni tu! Miye nikidhani ni majini.

#32 Msimbazi Mwekundu

Fundi, mimi ninayo ndogo ya kidijitali niliyoletewa kutoka Marekani. FM inafanya kazi safi. Upande wa AM nikitafuta 657 ya Dar inaniruka, inatoka 650 inakwenda 660. Imeharibika?

#33 Fundi Valvu

Haijaharibika. Marekani vituo vya AM vimepangwa kwa hatua ya kilohezi 10, sisi huku na sehemu kubwa ya dunia ni hatua ya 9. 657 inagawanyika kwa 9, kwa 10 haigawanyiki. Nyingi zina namna ya kubadilisha: tafuta swichi ndogo nyuma au ndani ya nyumba ya betri imeandikwa 9/10, au zima redio kisha ubonyeze kitufe fulani kwa muda mrefu, kila aina na chake. Tuma picha ya mgongo wake. Na usijaribu saa sita mchana ukiwa mbali na Dar, subiri giza.

#34 Msimbazi Mwekundu

Nimeiona swichi, iko chini ya betri. Usiku nitaleta majibu.

#35 Jangwani Daima

Ukiipata uliza kama wanarudia ya 1974.